Kenya: Mtoto anayeshindwa kusoma si lazima awe mvivu
Mwanafunzi anayechanganya herufi huenda akaitwa mvivu, kumbe ana disleksia, tatizo la kujifunza lisilotokana na upungufu wa akili. Nchini Kenya, msaada huanzia katika vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Huko mtoto hupimwa, kisha mzazi na mwalimu hushauriwa namna ya kumfundisha: hatua kwa hatua, kila sauti ikiunganishwa na herufi yake, huku akisikia, akiona na kuandika. Sera ya mwaka 2018 inasisitiza elimu jumuishi, yaani asome pamoja na wenzake. Tathmini inapochelewa, mtoto hapotezi masomo pekee, bali pia imani kwamba anaweza kujifunza.