Ahadi ni Deni: Rekodi Saba za Kikanisa cha San Gennaro

Tarehe 13 Januari 1527, wawakilishi wa mji wa Napoli, kusini mwa Italia, waliingia kanisa kuu lao pamoja na mthibitishaji wa mikataba. Tauni ilikuwa ikiua, na vita vilikuwa vimepiga hodi. Wakaandikiana mkataba na Mtakatifu Januari, askofu na shahidi wanayemwita San Gennaro: yeye aulinde mji, wao wamjengee kikanisa kipya cha kutunzia kichwa na damu yake. Humo ndimo zilimozaliwa rekodi zifuatazo.

Mkataba wa ajabu kuliko yote. Upande mmoja walisaini watu walio hai. Wa upande wa pili aliuawa mwaka 305 huko Pozzuoli, wakati Kaisari Diokletiano alipowatesa Wakristo. Alikuwa marehemu kwa zaidi ya miaka 1,200.

Deni lililochelewa zaidi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1608, kwa ramani ya Francesco Grimaldi, na kikanisa kikawekwa wakfu mwaka 1646. Tangu ahadi hadi malipo ni miaka 119. Walioahidi walikufa, na wajukuu wa wajukuu zao wakalipa.

Kitu kikongwe. Sanamu ya kichwa na mabega ya mtakatifu, ya fedha iliyopakwa dhahabu, ilikamilika mwaka 1305, miaka 1,000 kamili baada ya kifo chake. Ilikuwa zawadi ya Mfalme Charles II wa Anjou, na ndani yake mmehifadhiwa mifupa ya kichwa.

Kazi iliyowatesa mafundi. Wachoraji wa Napoli hawakutaka mgeni ale mkate wao. Guido Reni alifika, msaidizi wake akashambuliwa, naye akaondoka. Domenichino alivumilia vitisho miaka kumi, akafia hapohapo mwaka 1641 bila kumaliza kuba. Giovanni Lanfranco ndiye aliyelichora, akalijaza mbingu tele ya watakatifu.

Vito vingi kuliko vyote. Mwaka 1713 sonara Matteo Treglia alikamilisha mitra, yaani kofia ya kiaskofu, ya kuvikwa sanamu ile. Ina vito 3,694: almasi 3,328, zumaridi 198 na rubi 168. Mkufu wa sanamu hiyo ulioanzwa mwaka 1679 nao umepokea nyongeza za watawala wengi. Hata Joseph Bonaparte, aliyeletwa na majeshi ya mdogo wake Napoleon, alitoa msalaba wa almasi na zumaridi. Aliyeuteka mji naye alimwinamia mlinzi wake.

Mwenye mali asiyetarajiwa. Kikanisa kimo ndani ya kanisa kuu, lakini si mali ya askofu mkuu. Ni cha mji. Kinasimamiwa na baraza la walei lililoundwa mwaka 1601, maana mji ulioahidi ndio uliojenga. Kwangu mimi hii ndiyo rekodi iliyo kubwa kuliko mitra.

Tukio linalongojewa zaidi. Habari ya kuyeyuka kwa damu iliyoganda ya mtakatifu iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1389. Leo watu hungojea mara tatu kwa mwaka: Jumamosi ya kabla ya Jumapili ya kwanza ya Mei, 19 Septemba ambayo ni sikukuu yake, na 16 Desemba, kumbukumbu ya mlipuko wa volkano ya Vesuvio wa mwaka 1631. Kanisa halijatangaza rasmi kuwa ni muujiza. Hata hivyo, siku hizo kanisa kuu hufurika. Mbele huketi kina mama wazee wanaoitwa jamaa za San Gennaro. Husali kwa sauti, na damu ikikawia humkaripia mtakatifu kama mtu wa nyumbani, kwa haki ya wenye mkataba. Ikiyeyuka, mjumbe wa baraza hupunga kitambaa cheupe, na makofi hulipuka hadi nje mtaani.