Mkweche uliouzwa dola milioni 3.85

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyelitaka gari moja kuukuu lililopigwa mnada mjini Indianapolis, Marekani, Julai 2020 hakuinama tu. Alitoa dola milioni 3.85!

Hadi siku hiyo hakuna Mustang nyingine iliyokuwa imefikisha bei hiyo mnadani. Na usidhani lilikuwa gari la starehe. Halina kiti cha nyuma, ndani halina zulia, na baadhi ya madirisha yake ni ya plastiki.

Je, msomaji, kulikuwa na nini pale cha kumfanya mtu mwenye akili timamu atoe pesa zote hizo?

Jibu linaanzia 1964. Aprili 17 mwaka huo, kampuni ya Ford ilizindua Mustang, gari dogo la kupendeza lililouzwa dola 2,368. Lilinunuliwa kama njugu. Hata hivyo, wapenzi wa mbio walilibeza. Walisema ni gari la kuendea kazini, si la kushindania kikombe.

Ford wakamwendea Carroll Shelby wa Texas. Bwana huyu aliwahi kufuga kuku kabla ya kuwa dereva na kushinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1959. Ugonjwa wa moyo ulipomlazimisha kuacha mashindano, alianza kuunda magari huko California.

Sheria za chama cha mbio, SCCA, zilikuwa wazi: gari liwe la viti viwili, na yaundwe yasiyopungua 100. Shelby aling'oa kiti cha nyuma, na kufikia mwanzo wa 1965 magari 100 yalikuwa tayari.

Jina nalo lilizua mabishano. Inasimuliwa kwamba Shelby, akiwa amechoshwa na maneno, alimwuliza fundi wake Phil Remington ni hatua ngapi hadi jengo la pili. Remington akajibu kama 350. Basi gari likaitwa GT350.

Kabla ya kuwauzia wateja magari ya mbio, mafundi waliunda mawili ya majaribio. Gari letu ni mojawapo, lenye nambari 5R002.

Gari la majaribio ni kama chapati ya kwanza. Ndiyo inayomwonyesha mpishi kama moto umezidi au unga haukukandwa vyema. Zinazofuata hutoka nzuri kwa sababu ya ile ya kwanza, lakini nani huwawekea wageni ya kwanza?

Aliyepewa kazi ya kulijaribu ni Ken Miles, Mwingereza aliyehamia Marekani. Aliliendesha kwa kasi, akarudi, akawaeleza mafundi kasoro ilipo, kisha akatoka tena. Vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele vilishushwa ili gari lisiyumbe kwenye kona. Boneti ya chuma iliondolewa, ikawekwa ya faibaglasi ili kupunguza uzito. Injini ilikuwa ya V8, lita 4.7.

Februari 14, 1965, Miles alilipeleka kwenye mbio za kwanza, uwanja wa Green Valley, Texas. Lilipofika kwenye mwinuko mmoja, magurudumu yote manne yaliachana na ardhi! Mpiga picha aliliwahi likiwa hewani, nalo likapata jina la 'Mustang inayopaa'. Miles alishinda katika kundi lake.

Dharau ikaishia hapo. GT350 zilitwaa ubingwa wa kitaifa wa kundi hilo mwaka 1965, 1966 na 1967. Zile za mbio hasa ziliundwa 36 pekee, zikiwemo hizo mbili za majaribio.

Na 5R002? Ilipochoka iliuzwa kama gari lolote lililotumika. Mwaka 1966 ilichukuliwa kwa dola 4,000, chini ya bei ya jipya la aina yake. Baadaye ikavuka mpaka hadi Mexico, ikatoweka machoni pa watu, na ikagunduliwa tena huko mwaka 1989. Miaka mingi baadaye ilikarabatiwa ili ifanane na ilivyokuwa siku ile ya Green Valley.

Ken Miles hakuyaona hayo. Agosti 17, 1966, akiwa uwanja wa Riverside, California, alikufa akijaribu gari jingine la Ford. Wengi walimfahamu mwaka 2019 tu, maisha yake yalipoonyeshwa katika filamu ya Ford v Ferrari.

Walio na pesa wasidhani kwamba gari la namna hii ni benki. Januari 2022 lilipigwa mnada tena, huko Kissimmee, Florida. Bei ilikuwa dola milioni 3.75, yaani pungufu kuliko miezi 18 iliyotangulia.

Chuma chenyewe si dhahabu. Kinachowatoa watu pesa ni kazi ya mafundi waliochafuka oili, na ya dereva aliyehatarisha maisha ili wengine wauziwe gari lisilo na kasoro. Wao walilipwa mshahara tu. Mamilioni yalikuja baadaye, yakaenda kwa wengine.

Kwa hivyo kijana, ukiona fundi wa mtaani akihangaika na chombo ambacho bado hakijakaa sawa, usimcheke.