Jeraha la Kila Mwezi

Karibu kila mwezi, mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hupata jeraha ambalo halioni. Kifuko cha maji chenye upana wa milimita 20 hivi hupasuka juu ya ovari, yai likatoka. Pale kilipopasuka huota mishipa tele ya damu. Wengi hawasikii kitu, kwa kuwa damu huganda na kuziba tundu.

Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hana uhakika huo. Kwetu huyu mara nyingi ni msichana tu. Mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa yalileta homa ya rumatiki, homa ikala vali za moyo, mwishowe akawekewa vali ya chuma, labda pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Dawa ataimeza maisha yake yote. Kama vali ni ya mitrali, INR yake, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5, ilhali yako na yangu ni kama 1. Akinywa metronidazoli aliyojinunulia dukani kwa ajili ya tumbo la kuhara, INR inapanda, na tundu la ovari linaweza kuvuja damu hadi tumbo lijae.

Maumivu huja ghafla chini ya tumbo, zaidi upande wa kulia, siku kadhaa kabla ya hedhi. Kisha kizunguzungu. Mara nyingine bega nalo huuma, maana damu imepanda hadi chini ya mapafu na kuchokoza neva itokayo shingoni. Mapokezi watawaza kidole tumbo, au mimba iliyotunga nje ya kizazi, wasipoambiwa kuhusu warfarini. Wakiambiwa, kuna vitamini K, kuna plazima, na damu isipokoma, kuna kisu. Kuacha dawa kienyeji si tiba: vali inaweza kuziba.

Kinachoniudhi ni kwamba kinga ipo. Sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango huzuia yai kupevuka, na haina estrojeni, ambayo huchochea damu kuganda. Lakini binti asiyeolewa nani atamwambia aende dirisha la uzazi wa mpango, na foleni yote inamtazama? Madaktari wa moyo wangeweza kulisema hili wenyewe. Madaftari ya kliniki niliyowahi kuyaona yana nafasi ya tarehe, dozi na INR. Hedhi ya mwisho haina mstari.