Matela, Mbabula na Dawa ya Kuzuia Moto

Kalengera iko kwenye barabara ya Goma na Rutshuru, pale inapochepuka njia ya Tongo. Magunia ya makala hupitia hapo kwenda mjini. Jioni mbabula, jiko la makala, huwashwa uani, na mvua ikianza huingizwa ndani, katika chumba cha mbao chenye matela ya sponji hatua mbili tu kutoka motoni.

Sponji hiyo ni poliuretani, zao la mafuta ya petroli. Ikishika moto, chumba hujaa moshi mweusi wenye kaboni monoksidi na sianidi, na huo huua kabla mwali haujamfikia aliyelala. Kwa hiyo anayetaka matela zitiwe dawa ya kuzuia moto namwelewa kabisa.

Marekani ilishapita njia hiyo. Kuanzia 1975, jimbo la California lilidai sponji ya viti istahimili mwali mdogo kwa sekunde 12. Viwanda vikaijaza kemikali za bromini na klorini. Lakini kinachotangulia kuwaka ni kitambaa, na moto wake ukifika kwenye sponji umeshakuwa mkubwa kuliko ule wa kipimo. Kemikali nazo hazikutulia humo: zilitoka kidogo kidogo, zikaingia katika vumbi la sakafuni, mikononi mwa watoto wanaotambaa, hata katika maziwa ya mama. Mwaka 2009 Mkataba wa Stockholm, ambao Kongo ni mwanachama wake, uliweka baadhi ya kemikali hizo kati ya sumu za kukomeshwa. Mwaka 2013 California ikabadili kipimo: sasa kitambaa hupimwa kwa sigara inayofuka.

Kwetu sumu hizo huingia pia ndani ya televisheni na kompyuta kuukuu. Anayechoma plastiki zake ili apate shaba huvuta dioksini, na majivu huangukia bustani ya mchicha na kuku wa jirani.

Mimi siombi dawa kwenye matela. Naomba jiko lenye kibanda chake, mbali na kitanda. Naomba pia umeme wa Matebe, mtambo wa megawati kama 13 uliozinduliwa 2015 humu humu Rutshuru, ufike kwa bei ambayo mpika ugali anaimudu.

Wakati tukisubiri hayo, mama, usiku huu itoe mbabula nje kabla hamjalala, hata kama makala yanaonekana yamezimika.