Fahamu: Mchezaji asiye na klabu anavyosajiliwa mpakani Busia

Katika ligi ya NFL ya Marekani, timu huteua vijana wa vyuo vikuu kwa raundi 7. Asiyeteuliwa huweza kualikwa kambini, ambako wachezaji 90 huchujwa hadi 53. Mkenya Daniel Adongo, aliyetokea raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuteuliwa.

Soka ya Afrika Mashariki haina uteuzi huo. Kijana wa Burumba, mtaa wa Busia upande wa Kenya, hubeba viatu vyake na kwenda majaribio. Kocha akiridhika, anasajiliwa. Ikiwa mkataba wake wa zamani uliisha kabla ya dirisha la usajili kufungwa, anaweza kusajiliwa hata baadaye.

Kinachotatiza ni mpaka. Uwanja wa upande wa Uganda unaweza kuwa mwendo mfupi wa miguu, lakini aliyewahi kusajiliwa Kenya akihamia huko, huo ni uhamisho wa kimataifa. Shirikisho la soka la Uganda (FUFA) haliwezi kumpa kadi kabla lile la Kenya (FKF) halijatoa cheti cha uhamisho, hata akiwa mchezaji wa ridhaa.

Kwa walio chini ya miaka 18, FIFA hukataza uhamisho wa kimataifa. Hata hivyo, kuna ruhusa inayowafaa sana watoto wa mpakani, na wazazi wanapaswa kuijua: nyumba na klabu ziwe kila moja ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, umbali kati yake usizidi kilomita 100, mtoto aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali waziwazi. Mkataba wake hauwezi kuzidi miaka 3.