Mtetemo Unaokuja na Kuondoka: Fizikia ya Propela katika Gari la Zamani

Miongoni mwa hitilafu zinazowasumbua mafundi na wenye magari ya zamani, mtetemo unaojitokeza kwa kasi fulani, ukatoweka, kisha ukarudi siku nyingine, ndio mgumu zaidi kuutibu, kwa kuwa gari likifikishwa gereji mara nyingi huwa limetulia. Matokeo yake ni kwamba vipuri hubadilishwa kwa kubahatisha, matairi leo na beringi kesho, hadi fedha zinamalizika huku mtetemo ukiendelea. Hata hivyo, kifaa kinachozunguka hakitetemeki ovyo. Mtetemo wake hufuata mzigo, kasi, joto na pembe, na kazi ya kwanza ya uchunguzi ni kuyatambua masharti hayo kabla ya kushika spana.

Katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma au yote manne, kama vile Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, nguvu ya injini hupita kwenye klachi na giaboksi, ikafuata bomba refu la chuma liitwalo propela, kisha ikaingia kwenye difu inayoigawa kwa magurudumu. Kwa sababu ekseli hupanda na kushuka kwenye springi ilhali giaboksi imefungwa kwenye fremu, propela haiwezi kuwa kipande kimoja kisichopinda. Kila mwisho wake una krosi, yaani kiungo chenye umbo la msalaba kinachoshikwa na uma mbili za chuma na kuzunguka ndani ya beringi ndogo za sindano, na mahali fulani kuna sehemu yenye meno inayoteleza, ambayo huiwezesha kurefuka na kufupika.

Krosi ina tabia moja ambayo Robert Hooke wa Uingereza aliichunguza tangu karne ya 17: inapofanya kazi katika pembe, upande unaosukuma ukizunguka kwa kasi isiyobadilika, upande unaosukumwa huongeza na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 5 mabadiliko hayo hayafiki nusu asilimia, lakini kwa nyuzi 20 hufikia takriban asilimia 6 juu na chini ya wastani. Ndiyo maana propela huwekewa krosi mbili, ya pili ikifuta kosa la ya kwanza, mradi pembe zake ziwe sawa na uma za ncha zote mbili za propela zielekee upande mmoja. Fundi anayeifungua sehemu yenye meno bila kuiwekea alama, akairudisha ikiwa imeruka hata jino moja, huvuruga ulinganifu huo, na gari hutetemeka ingawa kila kipuri ni kipya.

Chanzo cha pili ni uzito usiolingana kuzunguka mhimili, ambao nguvu yake huongezeka kwa mraba wa kasi, kiasi kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne. Gramu 50 za tope lililokauka kwenye propela, sentimita 4 kutoka katikati, huleta mvuto unaozidi kidogo uzito wa kilo 10 pale propela inapozunguka mara 36 kwa sekunde. Tope hilo likidondoka au likioshwa, mtetemo huisha, na mwenye gari hudhani limejiponya.

Namna ya uhakika ya kumtambua mkosaji ni kuhesabu frikwensi, yaani idadi ya mitikisiko katika sekunde moja. Gari lenye tairi la mzingo wa mita 2.5 na difu yenye uwiano wa 4.1, likienda kilomita 80 kwa saa, magurudumu yake huzunguka takriban mara 9 kwa sekunde na propela takriban mara 36, ilhali krosi iliyo katika pembe mbaya hutikisa mara mbili ya propela, yaani takriban mara 73. Simu janja yenye programu ya kupima mitikisiko, ikiwekwa imara sakafuni, inaweza kuonyesha ni ipi kati ya frikwensi hizo inayotawala.

Pasipo kipimo, barabara yenyewe hutoa majibu. Mtetemo unaoonekana gari likiwa limesimama na injini ikipandishwa mizunguko unatokana na injini, klachi au raba zinazoshikilia injini. Ukibaki vilevile dereva anapobadilisha gia bila kubadilisha mwendo, chanzo kiko baada ya giaboksi, kwa kuwa mizunguko ya injini imebadilika na ya propela haijabadilika. Ukitokea pale tu mguu unapokanyaga au kuachia mafuta, krosi iliyolegea au sehemu yenye meno iliyokauka grisi hushukiwa kwanza. Ukizidi gari linapobeba mzigo, inafaa kukagua pembe, kwa sababu springi zilizolala hubadilisha mwelekeo wa difu. Ukitokea asubuhi na kuisha baada ya mwendo mfupi, huenda ni matairi yaliyobonyea kwa kubeba gari usiku kucha. Usukani ukitikisika, uchunguzi huanzia kwenye magurudumu ya mbele.

Baada ya hapo ndipo ukaguzi wa chini ya gari hufaa, likiwa mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa na uzito umebebwa na stendi imara, si jeki peke yake. Vumbi jekundu la kutu kandokando ya krosi ni dalili kwamba grisi imekwisha na sindano zinasagika. Propela hukaguliwa mibonyeo, vibati vya balansi vilivyong'oka na bolti zilizolegea, na kabla ya kufunguliwa huwekewa alama za rangi kila inapoungana. Tahadhari ya pekee inahitajika kwa Land Rover Defender ya zamani, ambayo breki yake ya mkono hushika shafti nyuma ya giaboksi wala haishiki magurudumu, hivyo propela ya nyuma ikitolewa gari linaweza kubingirika ingawa breki imevutwa.

Krosi mpya hupaswa kuzunguka pande zote bila kukwama wala kucheza, na propela iliyonyooshwa au kuchomelewa hurudishwa kwenye mashine ya balansi kabla ya kufungwa. Kisha gari hujaribiwa kwa kasi ileile na mzigo uleule uliokuwa ukiamsha mtetemo, kwa kuwa ukimya katika mazingira tofauti hauthibitishi chochote. Mwenye gari atakayeandika mwendo, gia, mzigo na hali ya barabara kila mtetemo unapotokea, na kumkabidhi fundi maandishi hayo, atakuwa ameokoa fedha nyingi ambazo zingeishia kwenye vipuri visivyo na kosa.