Arubuni ya Chama Si Bima ya Msafiri

Kuna vyama vya wastaafu na vya kina mama ambavyo siku hizi havitosheki na ziara ya Mombasa. Wanachama huchanga fedha mwaka mzima au zaidi, kisha wakakodi vyumba kadhaa katika meli ya kitalii ili wazuru miji ya Bahari ya Mediterania. Si vibaya hata kidogo. Aliyefundisha watoto wa wenzake miaka thelathini ana haki ya kuiona Athens kwa macho yake. Linalonitia wasiwasi ni kwamba katika mikutano ya kuandaa safari hizo hujadiliwa sare, picha na nani atalala na nani, ilhali bima hutajwa mwishoni kabisa, tena kwa ajili ya viza tu.

Hapo ndipo penye tanzi. Balozi za nchi za Schengen humtaka mwombaji viza awe na bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000. Akishaipata hati hiyo, msafiri hudhani amejikinga na kila balaa. La hasha! Viza inahitaji bima ya kugharimia matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini na kurudishwa nyumbani mgonjwa au maiti yake. Haihitaji bima ya kumrejeshea nauli mtu aliyeshindwa kuondoka. Isitoshe, hati nyingine hutumika katika nchi za Schengen pekee, na meli iliyong'oa nanga Ugiriki yaweza kuwa Uturuki au Misri siku ya tatu.

Sasa natufikirie mwanachama anayevunjika mguu majuma mawili kabla ya safari. Kwa kawaida, mikataba ya kampuni za meli husema kwamba kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia, ndivyo sehemu ya fedha anayopoteza mwenye kujiondoa inavyozidi, hadi mwishowe anapoteza zote. Chama hakiwezi kuahirisha safari ya watu ishirini kwa sababu ya mguu mmoja. Wala hasara haiishii kwake. Bei hupangwa kwa kukadiria kwamba chumba kina watu wawili, na mmoja akibaki nyumbani, aliyebaki chumbani aweza kudaiwa nafasi ya mwenzake. Ugonjwa wa mmoja huwa deni la wawili, na nimeshuhudia urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa fedha chache kuliko hizo. Anayeweza kuzuia haya ni bima ya kughairi safari, nayo ni kitu mbali na ile ya viza.

Wapo watakaosema kwamba likitokea la kutokea, kampuni ya meli italipa. Yategemea kosa ni la nani. Februari 2012, meli ya Costa Allegra ilishika moto katika Bahari ya Hindi, ikabaki haina umeme, hata ikakokotwa na mashua ya wavuvi hadi Mahé, Ushelisheli. Lile lilikuwa jukumu la wenye meli. Lakini Machi 2024 watalii wanane walichelewa kurudi kutoka matembezi waliyojipangia wenyewe katika kisiwa cha São Tomé, na meli yao, Norwegian Dawn, haikuwangojea. Waliifuata nchi baada ya nchi. Gambia, walikotarajia kuipanda, haikuweza kutia nanga, na wakaikuta Dakar mwanzoni mwa Aprili. Si kila bima ingewafaa watu hao, kwani nyingi huuliza sababu ya kuchelewa kabla ya kutoa hata shilingi.

Ugonjwa baharini ni mzito zaidi. Daktari wa melini hutoza ada, na kumtoa mgonjwa kwa helikopta, au kumsafirisha kwa ndege akiwa na muuguzi, ni gharama inayoweza kumeza akiba ya chama kizima. Wengi wa wasafiri hawa wana kisukari au shinikizo la damu. Asiyeyataja maradhi hayo anapojaza fomu huipa kampuni ya bima kisingizio cha kukataa dai lake, na kwa kweli hatakuwa na wa kumlaumu.

Mawakala nao hawana budi kuambiwa ukweli. Kauli ya kwamba "kikundi kina bima" haina maana yoyote mpaka kila msafiri aione hati yenye jina lake mwenyewe, iliyotolewa na kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Bima. Hati hiyo ichukuliwe siku ya kulipa arubuni, kwani bima ya kughairi iliyonunuliwa baada ya mguu kuvunjika haiutibu mkasa huo. Mweka hazina naye asitosheke na risiti moja ya chama. Adai risiti ya kila mtu, maana mdai atatakiwa kuthibitisha kwamba fedha zilizopotea zilikuwa zake. Jambo jingine la kuulizwa waziwazi ni viza kunyimwa. Hati nyingi za bima hazilipi hasara hiyo, kwa hiyo salio la nauli lisilipwe kabla ya pasipoti kurudi kutoka ubalozini, ikiwa mkataba wa meli unaruhusu.